Waltheof, Thurkill au Wigod: Umfuate Kabaila Yupi Baada ya 1066?

Vitabu vya historia nilivyosomea shuleni vilifunga ukurasa wa Waanglo-Saksoni wa Uingereza tarehe 14 Oktoba 1066. Mfalme Harold anaanguka Hastings, William wa Normandy anavishwa taji Westminster siku ya Krismasi, na sura inayofuata ni ya wafalme wengine kabisa. Waliobaki hai hawatajwi tena. Lakini walikuwepo. Walikuwa na wake na watoto, mashamba na watumwa, kesi za mipaka zisizokwisha, na sasa jirani mpya mwenye ngome anayezungumza Kifaransa. Yaliyowapata watu hao ndiyo yananivuta kuliko vita yenyewe, na kwa uzoefu wangu njia bora ya kuyaelewa ni kuchagua nyumba moja na kuifuata kutoka kwa baba hadi kwa wajukuu.

Shida ni kwamba nyumba zenyewe hazifanani, na ukikosea kuchagua unaweza kusoma miezi miwili ukatoka na picha ya upande mmoja. Ndiyo maana nawaweka hapa makabaila watatu pamoja: Waltheof, liwali wa Northumbria, Thurkill wa Warwick, anayejulikana pia kama Thurkill wa Arden, na Wigod wa Wallingford. (Neno *earl* nitaliita liwali, kwa sababu kazi ndiyo hiyo: mtu wa mfalme anayeshika jimbo, anayeongoza jeshi lake na kukaa barazani kwa niaba ya mfalme.)

Wapo wengine, nami nimewaacha kwa makusudi. Edgar, mjukuu wa mfalme Edmund Ironside, alitangazwa mfalme mjini London baada ya Hastings bila kuvishwa taji, na maisha yake yanasisimua. Lakini aliyapitisha kwenye majumba ya watu, Uskoti, Normandy, hata Italia, na kwake huoni shamba linavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Edwin na Morcar, ndugu wawili waliokuwa na nguvu kuliko wote mwaka 1066, waliisha mapema: mwaka 1071 Edwin aliuawa na watu wake mwenyewe, Morcar akaingia kifungoni. Hereward, mwasi mashuhuri wa zama hizo, amezungukwa na hadithi nyingi mno za kishujaa kwa mtu anayeanza.

Walianza wapi

Waltheof ndiye mkubwa wa cheo. Baba yake, Siward, alikuwa liwali wa Northumbria, mtu wa asili ya Kidenmark. Mama yake, Ælfflæd, alitoka katika ukoo wa kale wa mabwana wa Bamburgh. Kaka yake, Osbeorn, alikufa mwaka 1054 akipigana Uskoti dhidi ya Macbeth, na Siward akafariki mwaka uliofuata, Waltheof akiwa bado mdogo. Jimbo likapewa mtu mwingine. Alipokua alipewa uliwali mdogo zaidi wa Huntingdon na Northampton. Basi hata kabla Wanormani hawajafika, alikuwa mtoto wa mwisho aliyekosa kiti cha baba yake.

Thurkill alikuwa mtoto wa Æthelwine, msimamizi wa mfalme katika kaunti ya Warwickshire, yule ambaye Waingereza humwita sherifu: mkusanya kodi, mlinzi wa amani, mwenyekiti wa baraza la kaunti. Familia ya kazi, si familia ya nyimbo.

Wigod alikuwa bwana wa mji wa Wallingford, kwenye mto Thames, na mtu wa karibu wa mfalme Edward aliyefariki Januari 1066.

Siku mvamizi alipofika

Hapa ndipo njia zinapoachana, na Wigod ndiye wa kwanza kukutana na jeshi. Baada ya Hastings, London haikufungua milango. William akazunguka kwa upande wa magharibi, jeshi lake likiharibu vijiji njiani, mpaka Wallingford, mahali ambapo Thames inavukika. Hakuna vita iliyopiganwa pale. Jeshi likavuka, na Askofu Mkuu Stigand akaja hapohapo kusalimu amri. Tangu siku ile nyumba ya Wigod ikahesabiwa upande wa mfalme mpya.

Waltheof naye alisalimu amri, lakini William hakumwamini kumwacha nyuma. Mwaka 1067 alipokwenda kujionyesha kwao Normandy, alimchukua Waltheof pamoja na Edgar, Edwin, Morcar na Stigand. Walipokewa kwa karamu na kutazamwa na kila mtu. Kwa jina walikuwa wageni wa heshima. Kwa kweli walikuwa rehani.

Nyumba ya Thurkill haikufanya lolote lililoandikwa. Æthelwine aliendelea na kazi chini ya bwana mpya, kwa sababu mshindi anahitaji mtu anayejua nani analipa nini. Mwaka 1068 ngome ilijengwa Warwick, na Kitabu cha Domesday, ile sensa kubwa ya ardhi ya mwaka 1086, kinataja nyumba nne zilizobomolewa kwa ajili ya kiwanja chake. Wallingford zilibomolewa nane. Lincoln, 166. Ukitaka kujua uvamizi ulivyoonekana kwa mtu wa kawaida wa mjini, anza na namba hizo: kilima cha udongo kinainuka mahali palipokuwa na jiko la jirani yako.

Waltheof: msamaha mara mbili, na panga la jamaa

Nitakaa kwa Waltheof muda mrefu zaidi kwa sababu kwake mambo ni mengi.

Septemba 1069 meli za Wadenmark ziliingia mto Humber. Waltheof akajiunga nao, pamoja na Edgar, na Gospatric wa Northumbria, na wana wa mtu mmoja mkubwa wa Yorkshire aliyeitwa Carl. Washike hao wana wa Carl, watarudi. Ngome mbili za Wanormani mjini York zilianguka, na mwandishi mmoja wa karne ya 12 anasimulia kwamba Waltheof alisimama langoni akiwakata Wanormani mmoja baada ya mwingine kadiri walivyokuwa wakitoka.

William alijibu kwa moto. Majira yale ya baridi, 1069 hadi 1070, jeshi lake liliteketeza ghala, mifugo na zana za kilimo kaskazini yote, na njaa ikafuata. Miaka 16 baadaye Domesday bado kinaandika, kijiji baada ya kijiji cha Yorkshire, neno moja la Kilatini: *wasta*. Pori tupu.

Na katikati ya hayo Waltheof akasamehewa. Mwanzoni mwa mwaka 1070 alikwenda mwenyewe kambini kwa mfalme, kwenye mto Tees, akaapa utii. William hakumrudishia uliwali wake tu, alimpa mke: Judith, mtoto wa dada yake Adelaide. Mpwa wake mwenyewe! Tangu hapo aliyewaua Wanormani langoni York alikuwa mkwe katika nyumba ya mfalme. Mwaka 1072 Gospatric alipovuliwa madaraka, Waltheof akapewa Northumbria pia. Kiti cha Siward kilikuwa kimerudi, kwa mkono wa Mnormani.

Alifanya nini nacho? Hapa ndipo napenda msomaji asimame, kwa sababu ndipo unaona kwamba utawala mpya haukufuta mambo ya zamani. Mwaka 1016 babu wa mama yake, Uhtred, aliuawa na mtu aliyeitwa Thurbrand. Mwana wa Uhtred, Ealdred, akamuua Thurbrand. Mwana wa Thurbrand, huyohuyo Carl, alifikia hatua ya kupatana na Ealdred, wakaapa undugu na kupanga kwenda Roma pamoja kuhiji, bahari ikawazuia, Carl akamkaribisha Ealdred nyumbani kwake, akamwongoza msituni akiwa hana wasiwasi, akamuua. Ealdred huyo alikuwa baba yake Ælfflæd, yaani babu mzaa mama wa Waltheof. Sasa, mnamo 1073 au 1074, Waltheof alituma kundi la vijana wenye silaha mpaka Settrington, kijiji cha Yorkshire, ambako wana na wajukuu wa Carl walikuwa wamekusanyika kwa karamu nyumbani kwa kaka yao mkubwa. Waliwachinja mezani. Mmoja, Cnut, aliachwa hai kwa sababu kila mtu alimpenda kwa upole wake. Mwingine, Sumerled, hakuwepo siku hiyo. Na hawa ndio waliosimama bega kwa bega na Waltheof York miaka minne tu iliyopita.

Mimi hilo linanisumbua kila ninapolisoma. Nchi imechomwa, lugha ya mahakama imebadilika, mkewe ni mpwa wa mvamizi, na bado kisasi cha babu kilisubiri zamu yake. Anayependa kusimulia upinzani wa Waanglo-Saksoni kama watu wamoja dhidi ya mgeni, aisome Settrington kwanza.

Mwaka 1075 ikaja harusi. Ralph, liwali wa Anglia Mashariki, alimwoa Emma, dada yake Roger, liwali wa Hereford, na pale karamuni bwana harusi na shemeji yake wakapanga kumwangusha mfalme aliyekuwa ng'ambo. Waltheof alikuwepo. Alisikia, kwa kiasi fulani alikubali, kisha akajuta, akaenda kuungama kwa Lanfranc, Askofu Mkuu wa Canterbury, na kwa ushauri wake akavuka bahari kumweleza William mwenyewe. Aliporudi na mfalme alikamatwa. Orderic Vitalis, mtawa mwandishi ambaye mama yake alikuwa Mwingereza na baba yake Mfaransa, anasema Judith ndiye aliyemshtaki mumewe kwa mjomba wake.

Hukumu ndiyo inayoonyesha wazi alikuwa nani machoni pa utawala. Roger alihukumiwa kwa sheria ya Kinormani: akanyang'anywa mali na kufungwa maisha. Waltheof alihukumiwa kwa sheria ya Kiingereza: kifo. Alioa Kinormani, akafa Kisaksoni.

Alikatwa kichwa tarehe 31 Mei 1076 juu ya kilima cha Mtakatifu Giles, nje ya Winchester. Kwa simulizi ya Orderic, walimtoa alfajiri watu wakiwa bado wamelala, kwa kuogopa kwamba mji ungeinuka kumwokoa. Aligawa nguo zake kwa mapadre na maskini waliokuwa pale, akajitupa chini akisali na kulia. Walinzi wakamwambia ainuke, wanaharakisha. Akaomba walau amalize Baba Yetu. Alifika "usitutie majaribuni" machozi yakamzuia asiendelee, na mwenye panga hakungoja. Watu walisema kichwa kilichodondoka kilimalizia: "lakini utuopoe maovuni, amina." Mwili ulifukiwa shimoni. Wiki mbili baadaye, kwa ombi la Judith na ruhusa ya mfalme, Abati Ulfketel akauchukua na kuuzika katika abasia ya Crowland, nyumba ya watawa aliyoiongoza, na mahujaji wa Kiingereza wakaanza kumiminika kaburini.

Thurkill: aliyebaki

Ukitoka pale kilimani ukaingia Warwickshire ni kama umehama nchi. Hakuna maasi wala muujiza. Kuna orodha.

Mwaka 1086 Thurkill anaonekana katika Domesday akiwa na milki karibu 70 katika kaunti hiyo, anazishika moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Kote Uingereza ni yeye na Colswein wa Lincoln tu, kati ya Waingereza wasio watu wa Kanisa, waliokuwa na utajiri wa kiwango hicho chini ya William. Maelfu ya makabaila wa mwaka 1066 walikuwa wamekufa, wamekimbia au wamegeuka wapangaji kwenye mashamba ya baba zao. Thurkill alikuwa amesimama.

Alisimamaje? Soma safu ya pili. Domesday kina uzuri huu, kwamba kwa kila milki kinaandika pia nani alikuwa nayo siku mfalme Edward alipofariki. Katika orodha ya Thurkill, chache tu zilikuwa za baba yake. Nyingi zilikuwa za Waingereza wengine, majirani, ambao majina yao yamebaki kwenye mstari mmoja wa wino. Aliongezewa vyao. Pengine baadhi yao waliendelea kulima palepale chini yake, wakishukuru kwamba bwana wao angalau anasikia lugha yao. Msomaji anayetafuta shujaa safi hatampata hapa. Atapata mtu mwenye nyumba ya kulinda, na hesabu ya bei aliyolipa mwingine.

Akabadilisha pia anavyoitwa. Jina Thurkill ni la Kidenmark, na baba yake aliitwa jina la Kisaksoni halisi; yeye na wanawe wakachukua ubini kwa mtindo wa Kinormani, wa mahali: *de Arden*, wa Arden, msitu ule wa kaskazini-magharibi mwa Warwickshire. Watawala wapya walijiita kwa vijiji vyao vya Normandy. Yeye akajiita kwa msitu wa kwao. Kwangu hicho ni kitendo kikubwa kuliko kinavyoonekana, kwa maana kinadai kwa lugha ya mtawala kwamba huyu ni mwenyeji.

Haikutosha. William alifariki mwaka 1087, na mwaka uliofuata mwanawe, William Rufus, akamfanya Henry de Beaumont kuwa liwali wa Warwick. Liwali anahitaji ardhi, na ardhi iliyokuwa karibu ilikuwa ya Thurkill. Sehemu kubwa ikapewa Henry, na Siward, mwana wa Thurkill, akabaki akishika sehemu yake chini ya liwali. Alikuwa mtoto wa mtu wa mfalme. Sasa ni mtu wa mtu wa mfalme. Hakuna damu iliyomwagika. Ni daraja moja tu limeshuka, na familia za namna hii nyingi zilishuka hivyohivyo, kimya kimya, kwenye karatasi.

Lakini ukoo haukufa. Arden ni mojawapo ya koo chache sana za Uingereza zinazoweza kuonyesha mlolongo wa baba kwa mwana kutoka kabla ya 1066. Na karne tano baadaye, katika kaunti hiyohiyo, mwanamke mwenye ubini huo, Mary Arden, alimzaa Shakespeare.

Wigod: nyumba iliyotoka na binti

Wigod mwenyewe hana kurasa nyingi, na nitapita upesi. Kinachofanya afae katika ulinganisho ni watoto wake wawili.

Binti, Ealdgyth, aliolewa na Robert d'Oilly, Mnormani aliyejenga ngome ya Oxford mwaka 1071. Linganisha na Waltheof. Kwa Waltheof, mwanamke wa Kinormani aliletwa ndani ya nyumba ya Kisaksoni ili kumfunga mume. Kwa Wigod, mwanamke wa Kisaksoni alitolewa, na ardhi ikatoka naye. Njia ya kwanza mfalme anaweza kuikata kwa panga. Ya pili haihitaji panga, kwa sababu baada ya kizazi kimoja hakuna wa kudai. Mdai ni mjukuu, naye ni Mnormani. Mwaka 1086 milki za Wigod ziko kwa Robert na kwa mtu mwingine, Miles Crispin, aliyekuja kumwoa Maud, anayetajwa kuwa binti wa Robert na Ealdgyth.

Mtoto wa kiume, Toki, yuko kwenye sentensi moja tu ya Tarehe ya Waanglo-Saksoni, kumbukumbu waliyoiandika watawa kwa Kiingereza, na sentensi hiyo sijaweza kuisahau. Mwaka 1079 William alikuwa akipigana na mwanawe mwenyewe, Robert, mbele ya ngome ya Gerberoy huko Ufaransa. Farasi wa mfalme akauawa, mfalme akawa chini. Toki mwana wa Wigod akamletea farasi mwingine. Papohapo akapigwa mshale wa upinde wa mtambo, akafa. Ni miaka 13 tangu jeshi la mtu huyo livuke mto mbele ya mji wa baba yake.

Baada ya Toki, jina la Kiingereza linazimika katika nyumba ile. Damu inaendelea: Maud alipofiwa na Miles aliolewa na Brian FitzCount, na Desemba 1142 Matilda, mjukuu wa William, alipotoroka usiku kwenye theluji kutoka Oxford, alikimbilia Wallingford kwa Brian. Alitoka katika ngome iliyojengwa na mkwe wa Wigod akaingia katika mji wa Wigod. Sidhani kama usiku ule yeyote alimkumbuka Wigod.

Utapata kusoma nini

Hili watu hulisahau wanapochagua, kisha wanakwama. Kwa Waltheof kuna masimulizi: Tarehe ya Waanglo-Saksoni, Orderic, habari za watawa wa Crowland, hata mashairi ya maombolezo ya mshairi wa Kiskandinavia aliyemhudumia. Utamu wake ni mwingi, lakini tahadhari nayo ni nyingi. Crowland walikuwa na kaburi la kutunza na mahujaji wa kupokea. Judith kwao alipaswa kuwa msaliti, kwa kuwa mfia dini anahitaji msaliti. Orderic aliandika miaka mingi baadaye, naye aliwahi kukaa Crowland.

Kwa Thurkill kuna Domesday na hati za ardhi. Hakuna mtu anayelia, hakuna anayesema neno. Ukizoea kusoma safu mbili kwa pamoja, ya 1066 na ya 1086, utaona mengi, ila itabidi uwe na subira ya karani. Kwa Wigod kuna vipande vya huku na huku, na kazi ya kuviunganisha ni yako.

Nani amchukue nani

Mwalimu mwenye vipindi vitatu na darasa la vijana amchukue Waltheof bila kusita. Vijana watashika kisasi cha Settrington, watabishana kuhusu Judith, na hukumu mbili kwa kosa moja itawafundisha sheria ya wavamizi kuliko maelezo yoyote.

Anayetaka kujua jinsi nchi nzima ilivyobadilisha wenyewe, akiwemo mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu, achukue Thurkill. Ndiye pekee kati ya watatu anayekulazimisha kuuliza swali gumu kuhusu waliofaidika, na kushuka kwake mwaka 1088 ndiko kunakofanana na maisha ya wengi.

Wigod asiwe wa kwanza. Mchukue wa pili, baada ya mmojawapo wa hao, kama unapenda kufuatilia wanawake na mali; bila hivyo utamwona mtu asiye na sura.

Mimi nikilazimishwa kuchagua mmoja, namchukua Waltheof, ila simwanzii kwenye harusi ya 1075 wala simwachi kilimani Winchester kama wengi wanavyofanya. Naanza na mjane wake. Judith wa mwaka 1086 ni mwanamke mwenye ardhi katika kaunti nyingi. Alijenga nyumba ya watawa wa kike Elstow, karibu na Bedford, miaka michache tu baada ya mumewe kuuawa. Sijui mwanamke msaliti angelala vipi usiku, ila huyu alikuwa na binti wadogo wa mtu aliyeuawa kwa uhaini, na mjomba ambaye hakuna aliyemkatalia neno. Aliwatunza, wakaolewa vizuri. Maud, mkubwa, aliolewa na Simon de Senlis, na uliwali wa Huntingdon na Northampton ukaenda naye. Simon alipofariki akaolewa mwaka 1113 na David, aliyekuja kuwa mfalme wa Uskoti mwaka 1124. Mmoja wa wana wa Maud kwa Simon aliitwa Waltheof, jina la babu, akawa abati wa Melrose na kuheshimiwa kama mtakatifu. Wajukuu wake kwa David, Malcolm na William, wakawa wafalme wa Uskoti mmoja baada ya mwingine. Robert Bruce, aliyetawazwa mfalme wa Uskoti mwaka 1306, anatoka katika uzao huohuo.

Na katika milki ambazo Domesday kinaandika kwa jina la Judith, zilizokuwa kwanza za Waltheof, imo Tottenham, hiyohiyo ambayo mashabiki wa mpira huku kwetu huitaja kila Jumamosi. Ilipita kwa Maud, kisha kwa nyumba ya wafalme wa Uskoti, kisha sehemu yake kwa akina Bruce. Jumba la kale lililopo pale leo, linalotumika kama makumbusho ya mtaa, bado linaitwa Bruce Castle.